Vidole Viwili vya Mshono

Gari lilikwama kiunoni.

Pua ilishatoka nje, inang'aa juani kwa ile rangi ya chungwa tuliyoigombania wiki tatu nzima kabla hatujakubaliana. Milango yake miwili ilishapita. Kisha, pale nyuma ambapo bodi linapanuka juu ya tairi, tukasikia mkwaruzo mdogo, na Meno, aliyekuwa ndani ya banda analisukuma, akapiga kelele.

"Acha! Usiguse usukani! Usiguse kitu!"

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha dereva. Nikatoa mikono hewani kama mtu aliyekamatwa.

"Nini?"

Nilishuka, nikazunguka hadi kwenye nguzo ya mlango, nikachungulia. Digadi la kushoto, kile kifuniko cha tairi la nyuma, lilikuwa limeegemea plasta. Nikakimbilia upande wa pili. Digadi la kulia nalo limeegemea plasta. Gari letu la mbio, lililofinyangwa upya kwa miaka minne, lilikuwa limeziba mlango wa banda, na nyuma yake alikuwa mwanaume nimpendaye, amefungiwa humo ndani, kichwa chake tu kinaonekana juu ya kifuniko cha injini.

"Haiwezekani," alisema. "Nilipima. Nilipima madigadi mara tano."

"Saa ngapi sasa?" niliuliza.

"Saa nane na nusu."

Tukatazamana. Macho yake yalikuwa na vumbi kwenye kope, na hata katika balaa lile nilitamani kuyapangusa kwa kidole. Saa kumi alasiri gari lilitakiwa liwe mlangoni kwa baba yangu.

Nieleze vizuri, maana baba yangu akisimuliwa nusu anaonekana katili, na si katili.

Baba ni mwashi. Amejenga miaka thelathini na sita na hajawahi kumwachia mtu nyumba nusu. Akikabidhi ukuta, umekabidhiwa. Sasa mtu kama huyo, mwambie kwamba binti yake anapendwa na fundi wa kutengeneza meno ya bandia, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Meno, ambaye kila jioni baada ya kazi anajifungia kwenye banda na gari lililokutwa jalalani, kuku wakitagia ndani yake. Mwambie pia kwamba gari lenyewe ni la nchi za mbali, la viti viwili, injini mgongoni, na limekaa juu ya mawe miaka minne.

"Mtu asiyemaliza," baba alisema siku Meno alipotuma ujumbe wa kuleta posa. "Simchukii. Ana adabu. Lakini mtu asiyemaliza atakuanza na wewe, kisha akuache juu ya mawe."

"Baba, anakaribia kumaliza."

"Basi amalize. Nampa mpaka Jumamosi, saa kumi. Hilo gari lije lenyewe kwa moto wa injini yake mpaka mlangoni kwangu. Likifika, alete wazee wake. Lisipofika, asinisumbue tena."

Ningeweza kuondoka tu. Nina miaka ishirini na tisa, nina cherehani yangu na wateja wangu. Lakini sikutaka kuolewa huku baba amenuna chumbani. Nilitaka awe mbele, amevaa vizuri, anajisifu kwa watu. Sikuwa na njia nyingine ya kulipata hilo ila gari lipite mlangoni.

"Fundi," Meno aliniita. Ndivyo anavyoniita, fundi, tangu siku aliyokuja kwenye kibanda chetu cha ushonaji amebeba mifupa ya kiti cha gari kichwani, akauliza kama tunashona viti vya magari. Mama alikuwa anakata gauni. Alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu mteja ni wako." Siku ile nilimpima mgongo ili kiti kimkae sawa. Nilichukua muda mrefu kuliko kawaida, na yeye hakulalamika.

"Fundi, usilie."

"Silii. Tunalirudisha ndani?"

"Tulirudishe tufanye nini? Madigadi ni faiba, plastiki ngumu, nimeyagandisha na bodi. Kuyatoa ni wiki nzima. Na rangi..." Alikohoa. "Rangi hukauka siku tatu."

Dada yake, muuguzi, mwenye nyumba pamoja naye, alitokea na kikombe cha chai mkononi. Alitazama gari, akatazama mlango, akamtazama mdogo wake kule ndani.

"Kwa hiyo umelinenepesha humo humo ndani?" alisema.

"Dada, tafadhali."

"Nauliza tu."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Liliingia jembamba. Meno akalitafutia tairi pana za nyuma, na tairi pana zikataka madigadi mapana. Aliyachonga mwenyewe kama achongavyo meno, anakwangua, anapuliza vumbi, anafumba jicho moja. Hata vitufe vya dashibodi vilivyopotea alivitengeneza kwa unga wa meno ya bandia. Kile cha kuwashia injini kina rangi ya jino la mbele la mtu asiyevuta sigara. Mtu wa namna hiyo hakosei vipimo. Kwake milimita moja ni nafasi ya kupitisha lori.

Ndipo macho yangu yalipopanda ukutani, ndani ya banda, juu ya meza yake ya kazi. Pale palikuwa na namba kwa chaki nyeupe: 207. Saba yake imekatwa mstari katikati ya mguu.

Mimi ndiye ninayekata saba mguu.

Nilikumbuka jioni ile. Meno alikuwa chini ya gari, akaniambia, "Fundi, nipimie upana wa mlango, uniandikie pale." Nikatoa tepu shingoni, nikapima, sentimita mia moja tisini na tisa, nikaandika mia mbili na saba. Kwa nini? Kwa sababu nimeshika tepu tangu nina miaka kumi, na mkono wangu haujui kuandika kipimo kitupu. Kiuno ni hiki, ongeza vidole viwili huku na vidole viwili kule, nafasi ya mshono. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma saa. Niliuongezea mlango wa tofali nafasi ya mshono.

Naye akayapanua madigadi mpaka mia mbili na tatu, akaacha sentimita mbili kila upande, akaridhika.

Nilifungua mdomo niseme. Sauti ya baba ikanitangulia.

"Nimesikia injini imewaka mara tatu, halafu kimya. Nikasema, yale yale."

Alikuwa amesimama getini, mikono nyuma, mama kando yake. Kwetu ni mitaa miwili tu kutoka pale. Nadhani alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi ametega sikio, ingawa hatakubali mpaka kesho.

"Shikamoo, mzee," Meno alisema kutoka nyuma ya gari.

"Marahaba. Mbona umejificha?"

"Sijajificha, mzee. Nimezibiwa."

Mama aliziba mdomo kwa mtandio. Baba hakucheka. Alisogea, akainama upande huu, akainama upande ule, akapitisha kidole kati ya digadi na ukuta. Kidole hakikupita.

"Nani alipima?"

"Mimi, mzee," Meno alisema bila kupepesa jicho. "Nimekosea mimi."

Alijua. Nilimwona akiutazama ukuta muda mfupi uliopita, akaitazama ile saba, na macho yake yakanipitia haraka, kisha yakaenda kwingine kana kwamba hayakuona kitu.

"Bwana Meno," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira, "mimi nataka kumpa mtu binti yangu. Wewe hujui kupima mlango wa banda lako mwenyewe. Nikueleweje?"

"Una haki, mzee."

"Miaka minne!"

"Una haki."

Baba aligeuka. Aliweka mkono begani kwa mama kuonyesha kwamba wanaondoka. Na mimi, niliyesimama pale kama kinyago, nikapata miguu.

"Baba, soma ile namba ukutani."

"Fundi," Meno alinong'ona, "acha."

"Siachi. Baba, isome."

Baba alinyoosha shingo juu ya gari, akakunja uso. "Mia mbili na saba. Huu mlango si mia mbili na saba. Huu mlango ni mia moja tisini na tisa, niliujenga mimi, mama yao hawa akiwa hai." Akaiangalia ile saba. Alinifundisha kuandika namba kwa chaki za kazini kwake. "Hii saba ni yako."

"Ni yangu. Niliongeza nafasi ya mshono."

"Uliongeza nini?"

"Vidole viwili huku, vidole viwili kule. Sikukusudia, baba. Mkono tu. Yeye alifuata kipimo nilichompa, hakukosea hata unywele. Kama kuna asiyejua kupima mlango, ni binti yako."

Nikasikia sauti ya ajabu, kama birika linaloanza kuchemka. Ilikuwa mama. Mtandio haukumsaidia tena. Alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

"Usicheke," baba alimwambia.

"Nacheka koti."

"Nimesema usicheke."

"Koti gani?" Dada yake Meno aliuliza, kikombe kikiwa hewani.

"La harusi yetu," mama alisema akijifuta. "Nilimshonea mwenyewe. Nilikuwa nampenda mno, kila nikipima naongeza, kila nikikata naongeza. Siku ya siku akalivaa. Wangeingia wawili kama yeye, na mtoto."

"Picha zote nimeshika koti kwa nyuma," baba alisema. "Zote. Watu wakadhani naumwa mgongo." Na mdomo wake ukaanza kumsaliti, pembe moja kwanza. Alimgeukia Meno. "Na wewe! Uliiona hii saba. Kwa nini ulisema ni wewe?"

Meno alijikuna sikio. "Mzee, ningesema ni yeye?"

Baba alimtazama kwa lile jicho analotumia kutazama ukuta kabla ya kuukubali. Halafu akatazama saa yake ya mkononi.

"Saa tisa kasoro kumi," alisema. "Lirudisheni ndani. Lifunikeni shuka nzito, vumbi la tofali linakula rangi. Mke wangu, nitumie tindo na nyundo ndogo, viko nyuma ya mlango wa stoo. Hapana, ngoja, utaniletea mwiko badala ya tindo. Naenda mwenyewe."

"Mzee, utauvunja ukuta wako?" Meno aliuliza.

"Nani kasema kuvunja?" Baba alikuwa ameshakunja mikono ya shati. "Hilo gari ni nene kiunoni tu. Kifuani linapita. Nitaupanua ukuta kiuno, kutoka chini mpaka hapa." Alijigusa juu ya goti. "Plasta inanipa kidole kimoja, tofali linanipa viwili. Kila upande. Mwenye nyumba unasemaje?"

"Panua, baba," Dada alisema. "Panua hata mabega."

Kwa hiyo ndivyo nilivyojikuta, saa tisa mchana, ndani ya gari lililofunikwa shuka, na mwanaume nimpendaye kwenye kiti cha pembeni, nje nyundo ya baba ikigonga taratibu, tok, tok, tok. Baba ndiye aliyetuamuru tukae humo tushikilie shuka madirishani. Nadhani hakufikiria sana.

Jua lilipenya kwenye kitambaa na kutupaka rangi ya asali. Ngozi ya viti bado ilikuwa na harufu ya duka.

"Umenikasirikia?" alisema.

"Sana."

"Nilitaka kukulinda."

"Na nani? Na baba yangu? Yule ananijua kuliko nijijuavyo." Nilimgeukia. "Nisikilize, Meno. Mume wa kunibebea makosa simtaki. Leo mlango, kesho utabeba nini? Utakuwa umekunjika kama kiti kile ulicholeta kichwani. Mimi nataka wa kunicheka. Nikiharibu, unicheke, kisha tushike nyundo."

Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nafasi ya mshono," alisema. "Kwenye tofali."

"Haya, cheka."

"Ungekuja kuuzungushia na upindo kabisa."

"Cheka, umeruhusiwa."

Tulicheka mpaka gari likayumba. Na katikati ya kicheko akanishika mkono, vidole vyake vyenye makovu madogo ya kisu cha kuchongea, na kicheko kikaisha chenyewe bila kuagwa. Alinitazama. Nimetazamwa na wanaume, lakini huyu hunitazama kama mtu anayesoma barua aliyoingoja siku nyingi, hataki kuruka neno. Moyo wangu ulienda mbio kuliko gari lile litakavyowahi kwenda.

"Nakupenda," alisema. "Na saba yako nakupendea."

"Nami nakupenda. Na usiniache juu ya mawe."

"Siwezi. Wewe ndiye unayejua kunishonea kiti."

Nyundo ikanyamaza.

"Humo ndani mbona kimya?" Sauti ya baba.

"Tunashikilia shuka!" tulijibu pamoja.

"Shikilieni shuka, si vinginevyo!" Na nyundo ikaendelea, na mama akicheka nyuma yake.

Saa kumi kasoro robo baba alisema, "Sasa." Tulitoka. Pande zote mbili za mlango, kutoka sakafuni hadi juu ya goti, alikuwa ameukata ukuta kwa mstari ulionyooka kabisa, pembe zake zimepigwa mwiko. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Mtu asiyejua angedhani mlango ulijengwa vile tangu mwanzo, kwa ajili ya kitu chenye makalio.

Tulisukuma. Pua ikatoka, milango ikatoka, kiuno kikafika. Wote tuliacha kupumua. Kikapita. Dada alipiga kigelegele akamwaga chai yake yote.

Meno aliingia, akabonyeza kile kitufe chenye rangi ya jino, akawasha. Injini iliguna, ikakohoa, kisha ikanguruma mpaka madirisha ya jirani yakaitikia. Baba aliruka nyuma hatua moja, akajifanya alikuwa anakung'uta suruali.

"Haya nendeni," alisema. "Zimebaki dakika saba."

"Tunakwenda wapi?" mama aliuliza. "Na nani atampokea Meno? Wewe si uko hapa?"

Baba aliduwaa. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Gari lilipaswa kumkuta mlangoni kwake, naye alikuwa mitaa miwili mbali, mwiko mkononi.

"Panda, mzee," Meno alisema, akafungua mlango wa pili.

"Mimi? Humo?"

"Viti ni viwili. Fundi atatembea na mama."

Sijawahi kuona kitu kama baba yangu akiingia kwenye gari la mbio. Alijaribu kwa mguu, akajaribu kwa kichwa, mwisho akageuka akajiachia kwa nyuma kama anayeketi kwenye beseni. Magoti yalimfika kidevuni. Mlango ukafungwa. Wakaondoka, na mngurumo ukakunja kona kabla hatujamaliza kupunga mkono.

Mama na mimi tulikimbia. Mama yangu, na miaka yake hamsini na nane, alikimbia ameshika viatu mkononi. Tulipofika kona ya kwetu, gari lilikuwa limesimama mbele ya mlango wetu, majirani wamelizunguka, watoto wanajiangalia usoni kwenye rangi. Baba alikuwa bado ndani.

"Shuka basi umpokee mgeni!" mama alimwambia akihema.

Baba alitazama mbele, amekaza taya. "Nitashuka nikitaka."

Nilielewa kabla ya wengine. Alikuwa hawezi. Kiti kilikuwa chini mno, na magoti yake ya kupiga magoti kwenye saruji miaka thelathini na sita hayakumsaidia, na asingeomba mbele ya mtaa mzima hata kwa dawa.

Meno alizunguka gari. Alisimama mbele yake kwa namna ya kuwakinga watu wasione, akanyoosha mkono wake pale chini kama anayemwonyesha kitu kwenye kiti.

Baba aliutazama ule mkono.

"Nivute, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo.

Alimvuta. Baba akasimama, akajinyoosha, akakung'uta vumbi la ukuta wake mwenyewe, kisha akaingia ndani ya nyumba na kufunga mlango. Tulibaki tunatazamana. Meno akalainisha shati lake lenye mafuta, akapiga hodi.

Mlango ukafunguliwa. Baba alisimama pale, kifua mbele, kana kwamba ndiyo kwanza anatuona siku hiyo. Nyuma yake, ukutani sebuleni, saa kubwa ilikuwa inaonekana vizuri. Sote tuliiona. Nilimwomba Meno kwa macho anyamaze, walau mara hii moja.

"Baba," Meno alisema, maana ndivyo alivyo, "tumechelewa. Ni saa kumi na dakika nne."

Baba aligeuka, akaitazama saa, akatugeukia. Kwanza alimtazama mama, miguu mitupu na viatu mkononi, kisha akanitazama mimi.

"Hizo nne ni nafasi ya mshono," alisema. "Ingia ndani."